Simu Isiyofika Mbali

Mtaa wa Ánimas, ghorofa ya tatu,
Centro Habana.
6 Aprili 2011.

Mpendwa mwanangu Osmel,

Pokea salamu za jengo zima, kuanzia bibi yako hadi kasuku wa Zoraida, ambaye bado anatukana watu kutoka ghorofa ya pili. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na Candelaria, na huyo mdogo Nayra awe ameshapona kikohozi. Mvalisheni soksi, maana baridi ya sakafuni ndiyo inayoanzisha. Na mgongo wako je? Bado wanakubebesha masufuria huko hotelini? Mwambie mkubwa wako kwamba mama yako mdogo anasema wewe ni mpishi, si punda.

Huku hatujambo. Bibi yako anakula, analala na anagombana, kwa hiyo ni mzima. Magoti yake ni yale yale na nyonga ni ile ile, lakini hilo ulilizoea kabla hujaondoka. Mimi presha imeshuka tangu niache kahawa ya jioni, ingawa niliiacha kwa shingo upande na daktari anajua.

Najua unashangaa kwa nini nahangaika na kalamu wakati simu tunayo. Sababu ni kwamba simu ndiyo habari yenyewe, na simu inashinda mfukoni mwa aproni ya bibi yako. Kila nikiongea nawe yeye yupo pembeni, amenyamaza kama yuko kanisani, masikio wima. Ndiyo maana nimeshuka kwa Zoraida, naandikia kwenye meza yake ya jikoni, na barua nitampa Idalmis anayesafiri Jumamosi. Ukishaisoma, tafadhali usije ukaitaja unapopiga.

Kwanza kabisa, asante. Asante kwa dawa ya magoti, asante kwa miwani, asante kwa ile simu ya kijivu ya mwaka jana. Na zaidi ya yote, asante kwa kuuliza. Watu wengi wakiwa ng'ambo huleta walichokiokota njiani, na sisi hushukuru na kukificha chini ya kitanda. Wewe umetuma karatasi ya duka yenye picha, ili tuchague wenyewe simu isiyo na waya ya kuchukua nafasi ya hii: yenye mkonga mmoja, yenye mikonga miwili, au ile ya mikonga minne inayosikika mpaka mwisho wa mtaa. Marehemu mama yako alikuwa hivyo hivyo. Hakununua hata kitambaa cha meza bila kuuliza meza ina urefu gani.

Jibu ninalo, lakini nikikupa jibu tupu utadhani nimechanganyikiwa. Acha nikusimulie.

Wewe umekulia chini ya ile simu nyeusi ya ukutani, ila umekaa mbali miaka mingi na binadamu husahau. Jengo zima lilikuwa na simu moja, na kwa kuwa ilikuwa kwetu, namba ya bibi yako ilikuwa namba ya kila mtu. Aliyekwenda ng'ambo aliondoka nayo. Aliyelazwa aliwaachia wauguzi. Wachumba walipeana kwa siri, siri yenyewe ikiishia roshanini kwetu, maana simu ikilia bibi yako aliitika, akauliza anatafutwa nani, kisha akatoka na ile sauti yake: "Eveliooo! Holguín! Binti yako! Panda!" Watu walipanda mbio, wengine na povu la sabuni kichwani.

Na wakimaliza kuongea hawakushuka. Ndiyo kwanza walikaa. Mwenye habari njema alikaa aifurahie, mwenye habari mbaya alikaa alie, na aliyeambiwa laini imekatika alikaa asubiri. Bibi yako hakumtoza mtu. Mtu alileta alichonacho: kahawa kidogo kwenye karatasi, sahani ya magimbi ya kukaanga, kipande cha jemu ngumu ya mapera. Birika kubwa halikupoa.

Aliwajua wote kwa miguu yao ngazini kabla hawajabisha hodi. Zoraida hupanda kama anayekanyaga mende. Evelio, fundi pancha wa chini, unamsikia akiguna kabla hajaanza. Wewe ulikuwa unapanda viwili viwili, na kile kipandio kibovu cha kabla ya ghorofa ya pili, kilichokung'oa jino ukiwa mdogo, ulikuwa unakiruka kwa kishindo mpaka vikombe vinalia kabatini.

Sasa, tangu bibi yako aanguke na nyonga ikaharibika, hajashuka ngazi hizi tena. Dunia yake imebaki sebule, roshani na simu. Hilo unalijua, ndiyo maana ulituletea ile ya kijivu. Ulitaka asiwe anainuka na kujikokota mpaka ukutani. Ulifikiri vizuri, mwanangu, na sitaki usome hata neno moja hapa chini ukadhani nakulaumu.

Siku ilipofika ilikuwa sikukuu. Evelio aligeuza kitako cha simu, kile cha kuchajia, juu chini, akitafuta waya umefichwa wapi. Bibi yako aliitia mfukoni akatembea nayo nyumba nzima. Alikuongelesha wewe akiwa chooni, akatoka akaniambia hayo ndiyo maendeleo.

Ndipo Evelio akapata wazo lake. Unakikumbuka kikapu cha roshanini, kile tunachoteremshia funguo na kupandishia mkate? Siku moja bibi yako alipomwita, Evelio alisimama pale chini katikati ya matairi yake, mikono kiunoni, akasema, "Mama Obdulia, si umesema haina waya? Basi kwa nini nipande mimi? Iteremshe yenyewe!"

Tukacheka, tukaufunga mkonga kwenye taulo kama mtoto mchanga, tukauteremsha. Watu walikuwa wamejaa kwenye roshani zote. Evelio akaufungua, akaupachika sikioni, akapaza sauti, "Inasikika! Jamani, inasikika!" Tulipiga makofi jengo zima, nami nikiwemo. Aliyeshika kamba ni bibi yako, naye alikuwa anacheka kuliko sote.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyepanda.

Sikuliona mapema. Simu ililia, bibi yako aliitika, akaita, akateremsha kikapu, akasimama na kamba mkononi mpaka mtu amalize, akavuta. Simu ilirudi juu peke yake, bado ina joto la sikio la mtu. Hivyo asubuhi, hivyo mchana. Ilikuwa kama kuwachotea wengine maji kisimani wewe mwenyewe ukakaa na kiu.

Baada ya muda akaacha kuvaa hereni. Kisha akaacha kuchana nywele mpaka nimwambie. Birika kubwa lilipanda juu ya kabati, tukabaki na lile dogo la kikombe kimoja. Chakula alikigusagusa tu. Nilimleta daktari wa mtaa, akapanda, akamsikiliza kifua, akasema moyo mzuri na mapafu mazuri, akamwandikia vitamini. Alipokuwa anafunga mkoba bibi yako akamwuliza kama hatakunywa kahawa. Daktari akasema ana haraka.

Nilikuwa naogopa, Osmel. Kwenye simu nilikuambia yuko sawa, kwa sababu alikuwa amesimama mbele yangu. Lakini nilikuwa naamka asubuhi nasikiliza kwanza kama anapumua.

Karibu na Krismasi simu ikaanza kuharibika. Aliyeligundua ni bibi yako. Alikwenda roshanini akamwita Evelio, na Evelio akasimama chini ya kikapu akinyoosha mikono.

"Haifiki!" bibi yako akamwambia. "Sauti inakufa hapo ghorofa ya pili! Panda!"

"Jana si ilifika?"

"Jana ni jana! Hata nywele zako zilikuwepo jana, leo ziko wapi?"

Mtaa mzima ukacheka, na Evelio akapanda, anaguna kuanzia kipandio cha kwanza. Kesho yake akapanda Zoraida kwa ajili ya mwanawe, yule muuguzi aliye Venezuela. Wiki haikuisha viti vikawa vimerudi sebuleni. Walinung'unika, usifikiri hawakunung'unika. Zoraida alisema amezaa watoto watatu na hakuna hata mmoja aliyemchosha kama ngazi zetu. Lakini walipofika juu walikaa, maana aliyepanda namna hiyo lazima apumzike, na anayepumzika hupewa kahawa. Ilikuwa kahawa ya mgao, nusu yake njegere za kusagwa, lakini ilikuwa ya birika kubwa.

Bibi yako akaanza kula. Hereni zikarudi masikioni. Siku moja nilimkuta amejipaka poda, anaimba.

Na mimi, mjinga wako, niliona mambo mawili mbalimbali: mama anapona, simu inakufa. Nikashukuru kwa la kwanza na kukuomba msaada kwa la pili. Ndipo nawe, kwa moyo wako huo, ukaingia madukani na kututumia karatasi.

Karatasi niliisomea ngazini kwa sauti, watu wote wapo, na mlango wetu uko wazi ili bibi yako asikie akiwa kwenye kiti chake. Nilipofika kwenye ile ya mikonga minne, walianza kuigawana kama nyama ya Krismasi. Zoraida akasema mmoja ni wake kwa ajili ya Jumapili za mwanawe. Evelio akasema wake uwe mweusi, kwa sababu mikono yake ina grisi. Wa tatu ukaanza kugombaniwa. Bibi yako akauliza kutoka ndani, taratibu, "Na mimi nitabaki na nini?"

"Wewe una kitako chenyewe, mama!" Evelio akamjibu. "Wewe ndiwe makao makuu!"

Walicheka, na yeye alicheka. Jioni ile hakula.

Hata hapo sikuelewa. Niliambiwa na foleni ya mkate.

Ilikuwa Alhamisi iliyopita, baada ya chakula cha mchana. Bibi yako alikuwa amesinzia kitini. Nikaichukua simu nikaitia mfukoni mwangu isije ikamwamsha, na hapo hapo nikasikia watu wanaitana kwamba mkate umefika. Nikachukua mfuko nikashuka bila kukumbuka nimebeba nini. Foleni ilikuwa imeshapita duka la dawa, kule kona. Evelio alikuwa mbele yangu, anasimulia tumbo lake linavyomsumbua.

Simu ikalia.

Foleni nzima iligeuka. Mwanamke mmoja akauliza nani amebeba jogoo. Nikaitoa mfukoni nikaitika.

"Haloo, ni kwa Mama Obdulia? Naomba kuongea na baba yangu, Evelio."

Alikuwa Maylén, kutoka Holguín. Nilimsikia vizuri sana, Osmel. Nilisikia mpaka mtoto wake anayelia nyuma. Nikamkabidhi Evelio. Naye akaongea na binti yake, akauliza jino la mjukuu, akaagana, akanirudishia. Kisha akanitazama.

"Nereida. Hapa tuko wapi?"

"Kwenye foleni ya mkate."

"Na simu imesikika?"

"Imesikika."

"Kwa hiyo mimi tangu Krismasi napanda zile ngazi, na moyo huu na tumbo hili, na simu inafika mpaka kwa mwoka mikate?"

Watu walikuwa wanajizuia kucheka. Wewe unamjua Evelio: hakuna kitu kinachoweza kumtoa kwenye foleni ya mkate, hata mvua, hata msiba. Siku hiyo alitoka. Aliondoka kwa hatua ndefu akisema leo yule bibi atamweleza, na mimi nikamfuata mbio. Nilikuwa namsihi apunguze sauti, lakini nisikufiche, hata mimi nilikuwa na hasira. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na nilikuwa najiambia leo ya mama yangu imefika mwisho. Miezi yote hiyo ananidanganya usoni, mwanangu naye anahangaika madukani huko kwa ajili ya simu nzima!

Evelio alipanda bila kuguna, kitu ambacho sijawahi kukiona. Alipokaribia ghorofa ya pili pumzi ikamwishia, akasimama chini ya kile kipandio kibovu, ameshika ukuta. Mlango wetu ulikuwa wazi. Tukasikia sauti ya bibi yako kule juu, anamwambia Zoraida, ambaye alikuwa amepanda wakati sisi tuko foleni.

"Huyo ni Evelio. Lakini leo anapanda kwa hasira, sikia miguu. Mwongezee sukari, Zoraida. Na umwekee kiti kile chenye mgongo, amesimama pale kwenye kibovu, amechoka maskini."

Evelio alibaki pale ameshika ukuta, ananitazama, nami namtazama. Ndipo nikayaona mambo yangu mawili kuwa ni jambo moja.

Alivua kofia, akajifuta uso, akapanda vilivyobaki polepole.

Tulipoingia, bibi yako alikuwa amekaa na kikombe mkononi, nywele zimechanwa, hereni zinang'aa. Akaiona simu mkononi mwangu.

"Simu ilikuwa wapi?"

"Nilishuka nayo, mama. Niliisahau mfukoni. Nilikuwa foleni ya mkate."

Kikombe kikasimama hewani.

"Ililia?"

Nilifungua mdomo, na mpaka leo sijui ningesema nini. Evelio aliniwahi.

"Ililia ikakatika, mama. Haisikiki kitu, ni upepo mtupu. Ikabidi niuache mkate nipande, nimpigie Maylén kutoka hapa." Akaketi kwenye kile kiti chenye mgongo, akapokea kahawa.

Bibi yako akanitazama mimi. "Si nilisema? Haifiki."

"Haifiki kabisa," akasema Evelio. "Takataka."

"Usiite takataka. Ameleta Osmel."

Na ilimbidi apige kweli. Masikini Maylén, aliyekuwa ameshaagana naye muda ule ule, akamwuliza kama amepatwa na joto la kichwa. Evelio akamjibu kwa sauti kubwa, "Ndiyo, mwanangu, sasa nakusikia! Sasa ndiyo nakusikia vizuri!" Zoraida alikuwa anacheka bila kujua anacheka nini. Mimi nilikwenda jikoni nikafungulia bomba, nikalia mpaka maji yakakatika.

Kuna msemo tunaousema kila siku bila kuufikiri: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa nadhani ni adabu tu ya kumkaribisha mtu. Nimeuona ukimponya mama yangu mbele ya macho yangu, na vitamini za daktari bado zimejaa kwenye chupa.

Evelio aliwaambia wengine, mmoja mmoja, kwa kunong'ona, kama anagawa nyama ya magendo. Wewe unalijua jengo hili. Hapa huwezi kukaanga yai bila wa ghorofa ya chini kukuuliza umelipata wapi. Lakini hili limekaa. Hakuna aliyelitoa mdomoni, na hakuna aliyeacha kupanda. Wanaguna, wanasimama, wanamlaani mjenzi wa ngazi, wanafika, wanakaa. Hata wasiosubiri simu ya mtu wameanza kuja kuuliza kama kuna simu yao. Sijui nitawashukuru vipi watu hawa. Kila nikimwambia Evelio asante ananiuliza asante ya nini, simu ni mbovu, yeye afanye nini.

Wakati mwingine nahisi bibi yako anajua kwamba tunajua. Juzi Evelio aliposhuka, alitikisa kichwa akasema, "Evelio ni mwongo mbaya sana, lakini mtu mwema." Nikamwuliza amedanganya nini. Akanijibu, "Lete sukari."

Sasa nakuja kwenye swali lako.

Usinunue ile ya mikonga minne. Usinunue hata ya miwili, kwa sababu mkonga wa pili utapata wa kuudai hapa jengoni, na nitashindwa kuwakatalia watu. Tununulie ile ya chini kabisa kwenye ukurasa wa kwanza, yenye mkonga mmoja, ambayo karatasi yenyewe inakiri kwamba ni ya nyumba ndogo. Ninaitaka kweli, maana betri ya hii nayo imeanza kuchoka, na hilo si uongo wa mtu: katikati ya maongezi inazimika mpaka uirudishe kwenye kitako. Hakikisha vibonye ni vikubwa, kwa ajili ya macho yake, na mlio uwe wa nguvu. Muuzaji akianza kukusifia zile zinazofika mbali, mwambie wewe unataka inayoishia mlangoni. Akicheka, acha acheke.

Na ukipiga, mwambie bibi yako kwamba umezunguka maduka yote na hukupata inayofika chini. Sema kwa masikitiko kidogo. Najua kudanganya hukujui, tangu utoto ulikuwa unatazama viatu, lakini kwenye simu hatakuona.

Hela itakayobaki, usininunulie viatu. Ninavyo. Usimnunulie bibi yako gauni. Iweke pembeni kwa ajili ya nauli, na mwakani uongeze nyingine juu yake. Sikusukumi. Najua kodi, najua mtoto, najua wanavyokukata mshahara. Ila mimi naona jambo ambalo wewe hulioni huko. Kila jioni watu wakishashuka, yeye hubaki bado amegeuzia sikio mlangoni, na nikimwuliza anasikiliza nini anasema hakuna.

Nisalimie Candelaria, na umwambie mapishi yake ya samaki nimeyajaribu bila samaki, yakatoka vizuri. Mbusu Nayra mashavu yote mawili, moja kwa niaba yangu na moja kwa niaba ya bibi mkuu wake. Evelio anakusalimu, anasema ukija ulete viraka vya pancha. Zoraida naye anakusalimu, yuko hapa mbele yangu anachambua mchele na kujifanya hasomi.

Bikira wa El Cobre akufunike kwa joho lake, akulindie mikono yako na moto wa jikoni, na asikuache uzeeke mahali ambapo hakuna anayeijua hatua yako.

Wako akupendaye kwa fungu langu na la marehemu mama yako,

Nereida.

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha. Nilipopanda, bibi yako aliuona wino kwenye vidole vyangu, akasema, "Unamwandikia Osmel." Sikuweza kukataa. Nilidhani atauliza nimeandika nini, lakini hakuuliza. Amenituma nikuambie jambo moja tu: kwamba kile kipandio kibovu Evelio amekiziba kwa saruji wiki hii, kwa sababu ya kupanda kila siku, na sasa kimelingana na vingine. Anasema uangalie usije ukakiruka kwa mazoea, ukaanguka.